Walimu na Wanachuo Kwenye Mradi Mmoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wahadhiri, wakutubi, mafundi wa maabara na wanachuo wa vyuo vya Dar es Salaam wanaotaka kufanya mradi wa elimu kwa ubia: kuisuka upya kozi, kuandaa mazoezi, kuchunguza kwa nini somo fulani linaangusha watu kila mwaka. Maswali ni yale yanayoibuka vikaoni, kwenye makundi ya WhatsApp na pale vimbwetani. Majibu ni ya mratibu mmoja mwenye misimamo yake, na hakujaribu kuificha.

Ubia ni nini hasa? Mbona tumekuwa tukiwashirikisha wanafunzi miaka yote?

Mmekuwa mkiwauliza maoni, na hilo ni jambo jingine. Fomu ya kutathmini ufundishaji hujazwa mwishoni mwa muhula, harakaharaka, na aliyeijaza haambiwi ilibadilisha nini. Katika ubia, mhadhiri na mwanafunzi wanakuwa pamoja tangu swali linapoulizwa: tatizo ni lipi, tulishughulikie vipi, nani afanye nini, matokeo tuyasomeje.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein, aliyekuwa akishughulika na mipango miji, alieleza ushirikishwaji wa wananchi kwa mfano wa ngazi yenye vidato vinane. Chini kabisa watu wanazugwa. Katikati wanapewa taarifa na kuulizwa maoni. Juu kuna ubia, na hatimaye wananchi kushika uamuzi wenyewe. Watu wa elimu waliiazima ngazi hiyo baadaye. Mimi hutumia kipimo kifupi zaidi: mwanafunzi akisema "hapana", kuna kitu kinabadilika? Kama hakuna, msiuite ubia. Uiteni kikao cha maoni, nacho kina kazi yake.

Hii haina maana kwamba wote wanalingana kwa kila kitu. Mhadhiri anaijua sheria ya mikataba. Mwanafunzi anajua jinsi inavyoeleweka, au isivyoeleweka, ukiwa umekaa safu ya nyuma kwenye kumbi za Yombo pale Mlimani, kipaza sauti kinakatakata, na desa ulilonalo, yale maandishi ya kunakiliwa, ni la mwaka juzi. Mradi unahitaji ujuzi wote wawili, na wa pili hakuna mwenye shahada ya uzamivu atakayeupata kwa kusoma.

Hili si jambo la Wazungu linaloletwa na wafadhili?

Jina lake la sasa, ndiyo, limetoka huko. Chuo cha Bryn Mawr nchini Marekani kilianza mwaka 2006 mpango wa kumweka mwanafunzi darasani kama mshauri wa mwalimu. Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilianzisha mpango wake 2013, na tangu 2017 kinachapisha jarida la kimataifa linaloshughulikia jambo hili peke yake.

Ila anayedhani wanachuo wa Dar es Salaam walisubiri McMaster ndipo wadai sauti haijui historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilianza 1961 kwa kitivo cha sheria peke yake, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, wanafunzi wa mrengo wa kushoto wakaunda USARF, umoja wao wa kimapinduzi, chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni. Waliendesha madarasa yao ya Jumapili, na kufikia 1969 walikuwa na jarida lao. Walter Rodney, mhadhiri wa historia, aliliandikia makala. Tazama hapo nani alikuwa mhariri na nani alikuwa mwandishi: mwanafunzi ndiye aliyempokea mwalimu. Novemba 1970 umoja huo na jarida lake vikapigwa marufuku.

Kisha 1971, miezi michache baada ya TANU kutoa Mwongozo, waraka wake wa kisiasa, rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliukosoa uongozi wa chuo kwa barua ya wazi. Aliondolewa chuoni na kurudishwa kwao, na wenzake wakagoma. Kilichogombaniwa kilikuwa nani ana sauti kwenye uamuzi wa chuo. Kwa hiyo sisi swali hili tulilipata mapema, tena kwa njia ya ugomvi. Kilichotufikia karibuni ni mbinu za kulijibu bila kuita FFU, polisi wa kutuliza ghasia.

Miradi ya namna gani inafaa?

Ya kwanza, na ninayoipenda kuliko zote, ni kuitazama upya sehemu moja ya kozi. Tuseme kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, ambako kila mwaka watu wanasapu, yaani wanarudia mtihani, kwa wingi. Mhadhiri anakaa na wanafunzi wanne waliokwisha kuisoma, wanapitia mazoezi moja baada ya jingine, wanatafuta mahali hasa ambapo watu hupotea. Mara nyingi si pale mhadhiri alipodhani. Anaweza kuamini kwamba tatizo ni hesabu, kumbe tatizo ni kwamba mifano yote inatoka kwenye kitabu kinachozungumzia theluji na mchezo wa besiboli. Wanafunzi wakaandika mifano mipya kutoka bei za nyanya Kariakoo na abiria wa mwendokasi, mhadhiri akaikagua hesabu yake, na mwaka unaofuata darasa linaitumia.

Ya pili ni ule mfano wa Bryn Mawr: mwanafunzi ambaye hasomi kozi hiyo anakaa darasani kila wiki, anaandika anachokiona, kisha anazungumza na mhadhiri faragha. Hampi alama mtu na haripoti kwa mkuu wa idara. Hapa kwetu mbinu hii inatisha watu kidogo, maana mtu anayekaa nyuma ya darasa akiandika huwa ametumwa. Inataka mhadhiri mwenyewe ndiye aiombe. Isilazimishwe na idara.

Ya tatu ni utafiti wa pamoja kuhusu kusoma kwenyewe: nani anatumia maktaba, kwa nini watu hawaji semina za saa moja asubuhi, simu inasaidia au inavuruga.

Kisha kuna kazi inayotoka nje ya geti. Ramani Huria ndiyo inayojulikana zaidi mjini: kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko kuchora mitaro, nyumba na njia, na ramani zikawekwa kwenye OpenStreetMap ambapo yeyote anaweza kuziona. Wanasheria wa Mlimani wana kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya sitini. Kazi za aina hii zina mvuto wake, lakini zina mtego: ni rahisi sana mwanafunzi kuwa kibarua wa kukusanya data, anapewa kifaa asubuhi na anakirudisha jioni. Ukitaka iwe ubia, awepo siku maswali yanapotungwa na awepo siku matokeo yanapojadiliwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Na mitaala je? Si ndiyo inapitiwa sasa hivi kila mahali?

Inapitiwa. Mradi wa HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, uliopata dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia na kuanza 2021, umevisukuma vyuo vya umma kuandika mitaala upya, na waajiri wamealikwa mezani. Ukiwa mmoja wa wanaoalikwa, uliza kiti cha mwanafunzi kiko wapi. Mara nyingi utaonyeshwa ripoti ya dodoso.

Serikali ya wanafunzi na viongozi wa darasa tayari wapo. Kwa nini tuchague wengine?

Kwa sababu kazi zao ni tofauti. Kiongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi ya Mlimani, au CR, kiongozi wa darasa, anasema kwa niaba ya waliomchagua, na akinyamaza kuhusu bumu (pesa ya mkopo) lililochelewa atakuwa amewasaliti. Mbia wa mradi anasema yake mwenyewe: mimi hapa nilielewa, pale sikuelewa. Ukimpa mtu mmoja kofia zote mbili, kila kikao kitageuka mazungumzo ya madai. Ila serikali ya wanafunzi ijulishwe mapema. Ikisikia kwa wengine itadhani mnaunda chombo cha kuizunguka, na mara nyingine itakuwa imedhani sawa.

Mnawachaguaje?

Kwa tangazo la wazi, hata kama mradi una watu watatu. Usipotangaza utaishia na vipanga wa safu ya mbele wanaojua jina lako la pili, pamoja na mtoto wa mfanyakazi mwenzako. Hao watakueleza kozi jinsi inavyoonekana kwa mtu anayeielewa.

Andika tangazo kwa Kiswahili, liwe fupi, liende kwenye kundi la darasa. Uliza mambo mawili tu: ni kitu gani kwenye kozi hii kilikusumbua, na una saa ngapi kwa wiki. Usiulize GPA. Kama mradi unahusu kozi inayoangusha watu, angalau nusu ya wabia wawe wamewahi kuisapu au kuibeba hadi mwaka uliofuata. Nimewahi kuona kikao kikibadilika sura pale dada mmoja aliyenusurika disko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) aliposema kwamba maswali ya mtihani alikuwa anayaelewa vizuri, tatizo lilikuwa dakika: alikuwa anayatafsiri kichwani kwanza, swali zima, ndipo aanze kujibu.

Mwanafunzi ataniambiaje ukweli wakati mimi ndiye ninayesahihisha mtihani wake?

Hatakuambia. Au atakuambia robo.

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na wengi hulipita kwa kusema "sisi tunaelewana na wanafunzi wetu". Njia safi ni kuwachukua waliokwisha kuimaliza kozi na matokeo yao yakatoka. Kama ni lazima wawe wanaoisoma sasa, basi mtihani wao usahihishwe na mwenzako, na liandikwe hivyo kabla mradi haujaanza, si kwa ahadi ya mdomo. Kumbuka pia kwamba nguvu yako haiishii kwenye kozi moja. Mwaka wa tatu atakuhitaji umsimamie tafiti yake, na akihitimu atakuja kuomba barua ya utambulisho. Anajua hivyo vyote anapokuangalia usoni.

Halafu kuna malezi. Kijana aliyelelewa vizuri Tandika au Tukuyu hamkosoi mkubwa mbele za watu, na sioni sababu ya kumfundisha akose adabu ili mradi wetu ufanikiwe. Shikamoo ibaki. "Dokta" na "Prof" zibaki kwa anayependa. Kinachobadilika ni utaratibu wa kikao. Mwenye cheo kikubwa azungumze mwisho, kwa sababu mzee akishatoa neno, wengine hubaki kuunga mkono. Kila mtu aandike hoja zake kwenye karatasi kabla ya maneno kuanza. Mwanafunzi aongoze kikao, na mhadhiri aandike muhtasari. Mtu anayeandika hana nafasi ya kuhutubia. Na msikutane ofisini kwake, kule mgeni anakokaa kwenye kiti cha chini. Chumba cha semina kinatosha, au kimbweta, mvua isiponyesha.

Njia ya karatasi ina faida nyingine: hoja inaweza kusomwa bila jina. Ukiona wiki ya tatu bado hakuna hata karatasi moja yenye jambo la kukuuma, mradi haujaanza.

Vikao viendeshwe kwa Kiingereza au Kiswahili?

Kiswahili. Mihadhara ni kwa Kiingereza, mtihani ni kwa Kiingereza, ripoti ya mwisho pengine itaandikwa kwa Kiingereza. Lakini ukitaka mtu akueleze kwa undani kwa nini hakuelewa jambo, mwache alieleze kwa lugha anayofikiria. Nimehudhuria vikao vya Kiingereza ambavyo wanafunzi walijibu kila swali kwa sentensi moja nzuri iliyonyooka, wakanyamaza. Nje ya mlango, hao hao walizungumza nusu saa.

Istilahi za somo zibaki kama zilivyo. Hakuna atakayewashtaki kwa kusema "standadi divisheni" katikati ya Kiswahili. Kama kuna mwenzenu kutoka nje ya Tanzania, mmoja amtafsirie. Hilo nalo ni jukumu la kuandikwa na kuhesabiwa kama kazi.

Wanafunzi walipwe?

Ndiyo, kwa namna moja au nyingine, na iwe imekubaliwa siku ya kwanza.

Tuwe wakweli kuhusu hesabu. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anapata shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Humo mna kodi ya chumba Sinza au kitanda Mabibo, mna wali maharage, mna bando. Wasio na mkopo hali yao unaijua. Ukimwita mtu huyo kwenye vikao vinane na kumpa soda na maandazi, huku wafanyakazi wanaokaa meza hiyo hiyo wakisaini karatasi ya posho, umeshawaeleza wote nani ni mbia na nani ni mapambo. Kila mtu mezani anaiona ile karatasi ikizunguka na kumruka.

Kwa hiyo kwanza nauli na bando: vitumwe kwa simu kabla ya kikao. Kumwambia mwanafunzi atoe pesa yake mfukoni alete risiti ni kumkopa asiye nacho, na daladala hazitoi risiti. Pili, kwa kazi yenyewe, ulizia kwa mhasibu wa idara mapema kabisa kuna utaratibu gani wa kuwalipa wasaidizi wanafunzi. Usisubiri pesa ziwe zimeingia. Masurufu, yaani fedha zinazotolewa kabla ya kazi, hutoka kwa jina la mfanyakazi, na yeye ndiye atakayedaiwa marejesho. Asiyejua hilo hujikuta anakatwa mshahara kwa sababu ya karatasi tatu za saini zilizopotea.

Kama hakuna pesa kabisa, sema hakuna. Punguza kazi iwe ya saa mbili kwa wiki, toa alama za kozi ikiwezekana (tazama swali linalofuata), na usiahidi "cheti na uzoefu" kama vile ni malipo. Cheti ni kitu kizuri kwa mwenye nauli.

Inawezekana kazi hii ihesabiwe kwenye alama badala ya pesa?

Inawezekana, lakini si kwa kuongeza alama tano za hisani. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo mradi wa saa 80 kwa muhula unaweza kuwa na uzito wa kozi ya krediti nane. Hiyo inataka kozi yenye msimbo, maudhui yaliyopitishwa na idara, ndaki na Seneti, na namna ya kupima iliyo wazi. Ni safari ndefu. Njia ya mkato halali ni kuingiza mradi kwenye kozi iliyopo tayari, kama tafiti ya mwaka wa mwisho au mafunzo kwa vitendo ya Julai hadi Septemba.

Shida moja: ukianza kutoa alama, lile swali la nani anasahihisha linarudi kwa nguvu. Alama zitolewe kwa andiko la mwanafunzi kuhusu kazi aliyoifanya, zisitolewe kwa kukubaliana na mhadhiri.

Na mimi mhadhiri napata nini?

Kozi iliyo bora na usingizi mzuri zaidi wiki ya matokeo. Upande wa kupanda cheo, kidogo, mpaka uandike makala. Kwa hiyo andika.

Majina ya nani yatokee kwenye makala au kitabu cha mazoezi?

Ya wote waliofanya kazi inayostahili, kwa mpangilio uliokubaliwa kabla ya kuandika. Majarida ya afya hufuata vigezo vinne vya kamati ya wahariri, ICMJE: umechangia wazo, data au uchambuzi; umeandika au kurekebisha kwa kina; umeidhinisha toleo la mwisho; na uko tayari kuwajibika kwa kilichoandikwa. Mwanafunzi aliyegawa madodoso tu hastahili kuwa mwandishi, bali ashukuriwe kwa jina. Profesa aliyetoa funguo za chumba tu naye vivyo hivyo, ingawa hilo huwa gumu zaidi kusemwa kikaoni. Kuna pia orodha ya CRediT yenye aina 14 za mchango. Ijazeni pamoja, mchana kweupe, na ugomvi mwingi utaisha hapo.

Kwa vitu kama mazoezi, video na programu za simu, kumbukeni kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki huanza kwa mtunzi, na haingoji usajili. Mwanafunzi si mwajiriwa wa chuo. Akiandika nusu ya kitabu cha mazoezi, nusu hiyo si mali ya idara kwa sababu tu iliandikwa kwenye kompyuta ya idara. Wekeni ruhusa ya matumizi kwa maandishi, sentensi tatu zinatosha.

Tunahitaji kibali cha utafiti?

Kama mnaboresha kozi yenu na matokeo yanabaki idarani, taarifa kwa mkuu wa idara inatosha. Kama mna nia ya kuchapisha, ombeni kibali cha maadili kabla ya kukusanya chochote, maana hakitolewi kwa kurudi nyuma. Matokeo ya mitihani, namba za usajili na sauti zilizorekodiwa ni taarifa binafsi, na kuna sheria yake ya mwaka 2022. Picha za mazungumzo ya kundi la WhatsApp la darasa msizionyeshe kwenye semina hata kama mmefuta majina. Watu wanajuana kwa namna ya kuandika.

Ukaribu huu haufungui mlango wa mambo mabaya?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na wanafunzi wa kike na wazazi wao. Linastahili jibu la sauti ya kawaida: ndiyo, unaweza kuufungua, na ndiyo maana sharti liandikwe. Vikao vifanyike chuoni, mchana, watu wasiopungua watatu. Mawasiliano yapite kwenye kundi la mradi. Hakuna kikao nyumbani kwa mtu, hotelini wala kwenye gari. Mwanafunzi aweze kujitoa bila kueleza sababu na bila kupoteza kitu, na awepo mtu wa tatu anayejulikana kwa jina, asiye wa idara hiyo, wa kupelekewa malalamiko.

Kudai ngono ili utoe alama, nafasi au barua ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Iwekeni kwenye ukurasa wa kwanza wa makubaliano ya mradi. Mhadhiri anayeona namba hiyo inamvunjia heshima, mradi umeshapata taarifa muhimu.

Darasa langu lina watu mia sita. Nitakuwaje mbia wa watu mia sita?

Hutakuwa. Watano au sita wanatosha, almuradi kazi yao irudi kwa wengine: waeleze darasa zima, dakika kumi mwanzoni mwa mhadhara, nini kimependekezwa na nini kimekubaliwa. Mwaka unaofuata wachukuliwe wengine.

Wanaosoma jioni, wenye watoto, wanaokaa Chanika au Mbagala?

Ndio wanaokosekana kila mara, na kosa ni la ratiba. Kikao cha saa kumi na moja jioni Mlimani maana yake mtu wa Mbagala anafika kwake saa tatu usiku. Fanyeni kikao kati ya vipindi, siku ambayo wana darasa tayari. Vingine vifanyike kwa sauti zilizorekodiwa kwenye WhatsApp, ambazo mtu husikiliza akiwa kwenye foleni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria wamezoea kusoma kwa mbali na wanaweza kuwafundisha wenzao. Masika, Jangwani ikijaa maji, ahirisheni bila lawama. Ramadhani msiweke kikao karibu na futari.

Nimewasikiliza, kisha nikakataa pendekezo lao. Nimevunja ubia?

Hapana, kama umetoa sababu na wao wana nafasi ya kuipinga. Wanafunzi huweza kupendekeza mtihani uwe wa kuchagua majibu tu. Unaweza kukataa kwa sababu mwanasheria asiyeandika aya hajaiva. Sema hivyo, iandike kwenye muhtasari, waulize wana njia gani nyingine ya kupunguza tatizo walilolianzia, ambalo pengine lilikuwa muda. Ubia huvunjika pale pendekezo linapopotea kimyakimya na mtu akaja kuligundua kwenye maudhui ya kozi ya mwaka mwingine. Ukikataa kila pendekezo, hata kwa sababu nzuri, rudi kwenye kipimo cha swali la kwanza.

Kuna ushahidi kwamba inasaidia?

Upo, lakini usomwe kwa jicho kali. Mapitio ya makala 65 yaliyochapishwa 2017 yalikuta faida nyingi zikitajwa, kwa wanafunzi na kwa wafanyakazi: kujiamini, kuelewa kazi ya kufundisha, uhusiano bora. Miradi mingi ilikuwa midogo na nje ya kozi rasmi, na sehemu kubwa ya maandishi hutoka nchi zinazozungumza Kiingereza. Madhara yaliripotiwa kwa nadra. Mimi naamini hayakuwa machache kiasi hicho. Waandishi ni wale wale walioendesha miradi. Kwa hiyo nyinyi pimeni kitu kinachoweza kuwaumbua: waliosapu wamepungua? Waliokuja semina wameongezeka? Na mwulizeni aliyejitoa katikati.

Wanafunzi wanahitimu, mradi unakufa. Tufanyeje?

Chukueni watu wa miaka tofauti, na mwaka wa pili awe anamrithi wa tatu. Mafaili yakae kwenye akaunti ya idara, si kwenye laptopu ya kijana aliyekwenda kufanya kazi Geita. Miradi mingine inapaswa kufa. Ikifa, andikeni ukurasa mmoja wa kwa nini.

Nina wazo lakini sina fedha wala kibali. Nianzie wapi?

Kwa zoezi moja. Chagua lile linaloleta makosa mengi kuliko yote, tafuta wanafunzi watatu waliolifanya mwaka jana, mwambie mkuu wa idara, na kaeni nalo saa moja. Mkimaliza mtakuwa na zoezi jipya na orodha ya mambo mliyotofautiana. Kwenye karatasi moja andikeni mnataka kubadilisha nini, nani atafanya nini na kwa saa ngapi, nani anasahihisha mitihani ya nani, nauli inatoka wapi, majina yatawekwaje, na mtu gani atapokea malalamiko. Wote wasaini, nakala moja ibaki kwa kila mmoja. Ukienda kuomba fedha baadaye, utaanzia na karatasi hiyo.